Shairi Lililoenda Lodwar Bila Mapendo

Mwalimu Esekon tumemzika Jumamosi, na mpaka leo sijapoa. Mtu hutakiwa amsamehe marehemu, na mimi nilikwenda pale kwake Nawoitorong nikiwa tayari kabisa kusamehe, nimevaa gauni jeusi, nimejifunga leso kichwani, nimeketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema na waombolezaji wengine. Halafu nikapewa kile kijitabu cha ratiba ya mazishi, nikakigeuza, na kwenye jalada la nyuma, chini ya picha yake akiwa na suti, nikakuta limechapwa shairi la "Kivuli". Juu yake pameandikwa: Utunzi wa marehemu. Mtoto wake wa kwanza, kijana mpole asiye na kosa lolote, akaniinamia sikioni. "Madam, Baba alikuwa anasema wewe ndio ulikuwa sauti yake. Tafadhali tusomee hiyo ya nyuma." Nikamwambia nina mafua. Akatafutwa msichana mwingine, akalisoma haraka haraka, vina vyote akavimeza, na watu wakapiga makofi hata hivyo. Mama aliyekaa mbele yangu alifuta machozi akasema, "Wah! Huyu mzee alikuwa na kichwa." Pilau yao sikuila. Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwenye mchanga wa saa nane mchana, nikizungumza peke yangu kama kichaa. Nimefundisha Kiswahili hapa Lodwar tangu nilipokuwa msichana mpaka nimeota mvi, na kila mwaka hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza, "Madam, mbona wewe unatufundisha mashairi na hutungi?" Huwa nawajibu kwa mzaha kwamba kinyozi hajinyoi. Jibu lenyewe ni hili ninaloliandika sasa.

Mwaka yalipotokea haya nilikuwa kidato cha tatu, nikiishi Kakuma kwa shangazi yangu. Shangazi aliuza makaa na kuni kwa wakimbizi, na chumba chetu kilikuwa chumba cha mabati ambacho nusu yake ilijaa magunia mpaka juu, nusu iliyobaki ndiyo tuliyolala, tuliyopikia na tuliyogombania. Kila kitu kilikuwa na vumbi jeusi, hata chai. Shuleni tulikuwa na diwani moja tu ya mashairi kwa darasa zima, jalada lake limeshapotea, na kila mwanafunzi aliruhusiwa kulala nayo siku moja. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nakaa mlangoni penye hewa na kuisoma mpaka jua linazama. Sikuelewa nusu yake. Ilikuwa imejaa bahari na minazi, na mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni mto Tarach ukishuka kwa hasira baada ya mvua na kukauka kesho yake. Lakini kulikuwa na raha fulani ambayo sikuwa nimeipata mahali pengine popote. Neno lilikuwa linakuja mwisho wa mstari na kukaa pale pale lilipotakiwa kukaa, na mwili wangu ulikuwa unajua kabla ya macho kwamba litakaa. Katika maisha ambayo maji yalikuwa hayana uhakika, mgao wa chakula wa wateja wetu hauna uhakika, na karo yangu haina uhakika hata kidogo, nilipenda sana kitu ambacho kiliahidi na kikatimiza.

Mapendo alinikuta katika hali hiyo. Alikuja na unga wa mgao kwenye sufuria kubadilisha na makaa, kama walivyofanya akina mama wengi wa kambini, na badala ya kuanza kubishana na shangazi juu ya kipimo akasimama kunisikiliza. Alikuwa msichana wa Kikongomani, mrefu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na mimi nilimjua kwa sura tu kwa sababu tulikuwa shule moja, madarasa tofauti. "Dada," akasema, "unasoma na macho tu. Shairi hawasomake na macho. Leta." Akanipokonya kitabu, akaweka sufuria chini, akaimba ubeti mzima pale pale kwa sauti ya kanisani kwao. Shangazi, ambaye hakuwa na muda na vitabu, aliacha kupima makaa. Alipomaliza, shangazi akamwambia, "Ejok, vizuri hiyo. Imba tena, nitaongeza makaa." Mapendo akacheka, akaimba tena, na siku ile aliondoka na makaa ambayo shangazi hajawahi kumpa mtu yeyote, hata chifu.

Kuanzia hapo tukawa hatuachani. Kwao, upande wa Wakongomani, kulikuwa na nyumba ya matofali ya udongo yenye ua wa miti mikavu, na ndani ya ua palikuwa na benchi moja ambalo mguu wake mmoja ulikuwa mawe. Hapo ndipo nilipojifunza kutunga. Karatasi zetu zilikuwa mifuko ya saruji, ile ngozi ya ndani ambayo haijaguswa na saruji, tuliyoikata kwa wembe na kuinyoosha chini ya godoro. Mchezo wetu ulikuwa mmoja: mimi natoa nusu ya kwanza ya mstari, ukwapi, naye lazima anijibu kwa nusu ya pili, utao, kabla sijamaliza kuhesabu mizani nane kwa vidole. Akishindwa anakwenda kuchota maji. Nikishindwa nakwenda mimi. Nilikwenda sana. Tulikula ugali wa mgao na dengu za njano ambazo hata ukizichemsha kutwa nzima hazilainiki, tukaziita kokoto, tukazitungia beti za kuzilaani, na ninawaambia kwa kiapo, zile kokoto zilikuwa tamu zaidi siku ile zilipopata vina. Tulicheka mpaka jirani, mama mmoja wa Burundi, akachungulia juu ya ua kuuliza kama tumelewa. "Tumelewa, mama," Mapendo akamjibu, "lakini kwa maneno." Nimesoma vitabu vingi baada ya hapo, nimekaa kwenye semina za walimu zenye chai na vitafunio. Raha ile sijaiona tena, na sidhani kama nitaiona.

Shairi la "Kivuli" alilitunga hapo kwenye benchi. Tulikuwa tukilifuata jua, au niseme tukilikimbia, tukihamisha benchi kila baada ya muda kufuata kivuli cha nyumba, na mama wa Burundi naye akisogeza kigoda chake upande wake wa ua. Mapendo akanyamaza. Alikuwa akinyamaza nakaa kimya, kwa sababu nilikuwa nimeshajua maana yake. Kisha akaanza kulitoa, ubeti mmoja mzima bila kusita, mimi nikiandika:

Kivuli hapa jangwani, mwenyewe hajajuliwa,
Asubuhi ki uani, jioni kimeibiwa,
Wa juzi na wa zamani, sote humo twapokewa,
Jua likija kichwani, nani atabaguliwa?

Nikamwambia, "Rudia huo wa mwisho." Akarudia. Saa sita jua likiwa juu ya utosi hakuna kivuli cha mtu yeyote, mwenyeji wala mgeni. Sote tunaungua sawasawa. Wakati ule sisi Waturkana na wao wakimbizi tulikuwa tunapigana kwa ajili ya kuni na visima, watu wakakatana mapanga, na wageni wenye magari meupe walikuwa wanakuja kutuhubiria amani kwa vipaza sauti. Msichana mmoja kwenye benchi la mguu wa mawe alikuwa amelimaliza jambo lote katika mistari minne. Nilimwonea wivu, na nilimpenda, vyote viwili kwa mara moja.

Sasa lazima nimwingize mjomba wangu, maana bila yeye hakuna kilichoharibika. Mjomba alikuwa mfugaji huko Lopur. Watu walimwita Apaloreng, yaani baba wa yule mwekundu, kwa sababu ya maksai wake mwekundu aliyempenda kuliko wake zake, na hilo walisema wake zake wenyewe. Alikuwa akija kuuza mbuzi analala kwa shangazi, na jioni, akishakunywa maziwa ya mgando, anainua mikono juu ya kichwa, mmoja umepinda mbele na mwingine umepinda nyuma, kama zilivyokaa pembe za maksai wake, na kumwimbia. Jioni moja Mapendo alikuwepo. Akaniuliza kama anaweza kuujifunza ule wimbo, nami nikamtafsiria mjomba. Mjomba akashusha mikono.

"Anaweza," akasema. "Lakini akiimba huko kwao, anyanyue mikono namna hii, ataje Apaloreng kwanza. Halafu aimbe."

"Na asipotaja?" nikauliza.

"Ameiba. Mtu akiiba ng'ombe yangu, hiyo tunaongea, analipa. Akiiba wimbo atanilipa nini?"

Mapendo alifurahi mno. Alisema kwao wimbo ukishaimbwa ni wa kanisa zima, hakuna anayeuliza nani aliutunga. Mimi sikufurahi wala sikushangaa. Nilikuwa nimelijua hilo tangu utotoni, kama ninavyojua kutokanyaga moto.

Mwalimu Esekon alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili na kiongozi wa kundi la mashairi la shule. Sitamnyima haki yake. Yule mtu alijua kusoma shairi. Akisoma mishipa ya shingo ilimsimama, na hata wavulana wa nyuma waliokuwa wanatafuna miraa waliacha. Nilimpelekea "Kivuli" mimi mwenyewe, kwa idhini ya Mapendo, nikijivuna kama kuku aliyetaga. Alilisoma mara mbili. Akasema, "Hili tunalipeleka mashindano Lodwar." Tukaanza mazoezi, kundi zima, Waturkana na Wakongomani na Wasudani na Wasomali, kila jioni chini ya jua lile lile. Nikachaguliwa kuwa kiongozi, yule anayesimama mbele na kutoa mstari wa kwanza. Mapendo hakuchaguliwa kuimba, na nilipouliza Mwalimu akaniambia yeye atakuja kama msaidizi. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali cha safari, na vibali aliviomba Mwalimu. Siku ya kuondoka vikaja vya Wakongomani wawili, Wasudani na Wasomali. Cha Mapendo hakikuwemo. "Next time," Mwalimu akamwambia, kwa Kiingereza chake cha ofisini. Mapendo akaitikia kwa kichwa tu. Alisimama langoni, akanipungia mkono, akapaza sauti: "Akiru! Soma na mdomo!"

Ukumbi wa Lodwar ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Waamuzi walikaa mbele na kengele yao mezani, watu wa kutoka kusini wote, mashati yamewalowa. Tukapanga mistari jukwaani. Mwenye kipaza sauti akatangaza jina la shule, kisha akasema kwa kishindo: "Shairi ni Kivuli. Mtunzi na mwelekezi, Mwalimu Esekon!" Watu wakashangilia. Mwalimu, aliyesimama pembeni ya pazia, akainama kidogo kwa heshima. Baadaye niliambiwa kwamba ndivyo ilivyofanyika shule zote, kwamba mtoto hutunga na mwalimu huandikwa, kwamba hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo. Huenda. Mimi nilikuwa mpwa wa Apaloreng. Sikufikiri, mikono yangu ilipanda yenyewe juu ya kichwa, nikaipinda kama pembe, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Hii ni ya Mapendo! Mapendo wa Kakuma!" Halafu ndipo nikaanza mstari wa kwanza.

Waamuzi hawakuelewa kitu. Walidhani ni mbwembwe za kienyeji, mmoja akaandika. Lakini ukumbi ule ulikuwa wa Waturkana. Wazee waliokaa nyuma wakaguna, na mmoja akacheka kwa sauti. Nilimtazama Mwalimu Esekon. Alikuwa Mturkana kama mimi, na katika ukumbi mzima hakuna aliyeelewa kuliko yeye. Nilikuwa nimemwita mwizi mbele ya watu wake, kwa lugha isiyokanushika. Tulisoma vizuri sana siku ile, vizuri kuliko mazoezi yoyote. Tukawa wa pili. Mwamuzi mkuu akasimama na kutueleza kwa upole kwamba shairi letu ndilo lililokuwa bora kwa utunzi, ila kiongozi aliongeza maneno yasiyo katika shairi, na kanuni ni kanuni. Anayekwenda Nakuru, kwenye mashindano makubwa yanayofuata, ni wa kwanza peke yake.

Njia nzima ya kurudi sikuuona uso wa Mwalimu. Alikaa mbele na dereva. Tulipofika ndipo akaniambia, taratibu, bila hata kukunja uso, "Umejisikia vizuri? Basi nenda ukamwambie huyo Mapendo wako ulichomfanyia." Nilidhani anatania. Nilikwenda kwao nikikimbia, nimejaa furaha. Tulikuwa tumeshindwa, ndiyo, lakini jina lake lilikuwa limetajwa Lodwar mbele ya umati, na mwamuzi mwenyewe alikuwa amesema utunzi wetu ni bora. Nilimkuta anachambua dengu. Nikamsimulia yote kwa pumzi moja, mpaka mikono nikainyanyua kumwonyesha. Aliendelea kuchambua.

"Nani alikutuma unitaje?" akauliza.

"Ni lako! Alilitangaza kama lake!"

"Minajua. Mimi njo nilimupa." Akaweka sinia chini. "Mama yangu iko Nakuru, Akiru. Anauza vitenge kule, hana makaratasi, hawezi kuja huku. Tangu tuachane njiani sijamuona. Mwalimu aliniambia, shairi iende na jina lake, ikishinda, Nakuru atanitafutia kibali ya msaidizi. Ya Lodwar sikutaka, Lodwar nifanye nini? Nilitaka ya Nakuru."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Nisingekubali. Na hapa ndipo watu niliowasimulia husubiri niseme kwamba najuta. Nimejaribu kujuta, sijaweza. Nilisema kweli, na ningeisema tena. Ninachoweza kusema ni kwamba nina hasira. Nina hasira na mtu mzima aliyemkuta msichana anayemlilia mama yake, akaona hapo pana biashara. Kibali kilikuwa kazi yake, alikuwa analipwa mshahara kukiomba, na bado alikiuza kwa kitu pekee ambacho msichana yule alikuwa nacho kisichotoka kwenye mgao. Nina hasira na Mapendo pia, kwa kunificha. Raha yote niliyoipata kwenye lile benchi nilidhani tunaigawana sawa. Kumbe mwenzangu alikuwa akiangalia ubeti na kuwaza unaweza kununua nini. Huenda simtendei haki. Mtu mwenye mama yake mlangoni anaweza kulipenda shairi kwa ajili ya shairi tu. Mimi wa kwangu alikuwa Lodwar, napanda gari asubuhi mchana nakula kwake.

Mapendo hakumwona mama yake mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Baadaye sana nilisikia kwamba Mapendo alipata ndege ya kwenda ng'ambo, nchi ya baridi, na kwamba hakuaga mtu. Kama mama yake alimfuata au la, sikuwahi kupata wa kuniambia. Mwalimu Esekon akaendelea na "Kivuli" lake. Alilisoma kwenye sherehe, akalichapisha kwenye jarida la walimu, akapandishwa cheo, na juzi akazikwa nalo. Kilichonishangaza mazishini ni kwamba mstari wa tatu alikuwa ameubadilisha. Mahali pa "sote humo twapokewa" aliweka maneno mengine mazito ya kamusi, na mizani ikazidi. Ametembea na shairi lile maisha yake yote na hakulisikia.

Nilijaribu kurudi kwa Mapendo mara moja, kabla mwaka haujaisha. Shangazi alinipa gunia dogo la makaa nimpelekee, akasema watu hawagombani milele kwa sababu ya maneno. Nilifika alasiri. Nje ya ua nilisikia ile sauti nzito, nikasimama. Alikuwa anatunga. Niliujua ule utulivu wake kati ya mstari na mstari, nikajua ni kitu kipya, na furaha ya zamani ikanirudia. Nikasogeza sikio kwenye miti. Hakikuwa Kiswahili. Alikuwa anatunga kwa Kibembe, lugha ya kwao, ambayo mimi sina hata salamu yake. Nilisikia vina vikishuka pale pale panapotakiwa, kimoja baada ya kingine, nikasikia kwamba ni shairi zuri, pengine kuliko yote aliyowahi kutunga, na hakuna nilichokielewa. Niliita jina lake. Akanyamaza. Niliita tena, nikamwambia nimeleta makaa. Hakuitika. Nikaliweka gunia mlangoni nikaondoka, na nilipofika mbali, karibu na bomba la maji, nikamsikia anaendelea.